Kompyuta inapokubishia dawa: jibu kwa tabibu wa Kisauni

Swali

Daktari, shikamoo. Mimi ni tabibu, nilimaliza mafunzo mwaka jana na sasa niko kwenye zahanati ya mtu binafsi hapa Kisauni, Mombasa. Miezi mitatu iliyopita mwenye zahanati aliweka programu mpya kwenye kompyuta zetu. Nikiandika dalili inanitajia magonjwa, nikiandika dawa inatoa rangi: kijani endelea, njano fikiria, nyekundu simama. Juzi alikuja mama wa makamo, homa siku ya tatu, viungo vyote vinamuuma, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nikamwandikia diklofenaki ya kutuliza maumivu. Ikatoka nyekundu kwa sababu anatumia dawa za presha. Nikabonyeza "endelea" ili foleni iende. Siku nyingine hufanya kinyume, nabadilisha dawa bila kujua kwa nini, almradi rangi igeuke kijani. Mkubwa wangu kazini anasema hii ni mashine ya kufuga wavivu. Mwenye zahanati anasema imemgharimu pesa nyingi na tuifuate. Nimfuate nani? Na baada ya miaka kumi ya kuambiwa kila kitu na kompyuta, nitakuwa bado naijua kazi yangu?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kuhusu yule mama nilikutumia ujumbe usiku uleule barua yako iliponifikia, na hapa narudia kwa ajili ya wengine wanaosoma: apigiwe simu, aache diklofenaki, atumie paracetamol, arudi apimwe damu. Sababu nitaifikia.

Tuanze na maneno matatu uliyoyaandika pengine bila kuyafikiria sana: "ili foleni iende". Wanaobuni programu hizi huzijaribu mbele ya daktari aliyekaa ametulia, chai mezani, mgonjwa mmoja. Wewe una benchi limejaa mpaka kwenye baraza, mtoto analia, mzee kachomoza kichwa mlangoni kuuliza "bado?", na stima imerudi dakika kumi zilizopita kwa hivyo kompyuta ndiyo kwanza inaamka. Chombo chochote kikiingia chumba kama hicho huulizwa swali moja tu: kinanipunguzia dakika au kinaniongezea? Kikiongeza, kidole hujifunza kubonyeza kabla jicho halijasoma. Mkubwa wako akiuita huo uvivu amekuonea. Ni mazoea, na mazoea huja kwa yeyote, hata kwake.

Lakini mashine zenyewe si za jana, na historia yake ina jambo ambalo wauzaji hawalisemi wala wapinzani hawalijui.

Mwaka 1971 huko Leeds, Uingereza, daktari wa upasuaji de Dombal na wenzake walianza kuwafuata wagonjwa 304 waliofika hospitali na maumivu makali ya tumbo ya ghafla. Kila mmoja aliulizwa maswali yaleyale na kushikwa tumbo kwa utaratibu uleule, kisha majibu yakaingizwa kwenye kompyuta. Kompyuta haikuwa na maarifa yoyote ya ajabu. Ilikuwa ikipiga hesabu ya uwezekano: katika wagonjwa wa nyuma waliokuwa na dalili kama hizi, wangapi walikuwa na kidole tumbo, wangapi kibofu cha nyongo, wangapi hawakuwa na la maana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kompyuta ilipatia kwa asilimia 91.8, daktari mwandamizi zaidi aliyemwona mgonjwa alipatia kwa asilimia 79.6.

Hapo ndipo wengi hufunga hadithi, mmoja akipiga makofi na mwingine akinuna. Sehemu tamu iko mbele. Kadiri utafiti ulivyoendelea, madaktari wenyewe walianza kupatia zaidi, na matumbo yaliyopasuliwa bure yakapungua. Utafiti ulipokwisha, wakarudi walikokuwa. Kazi hiyo ikapanuliwa hadi vituo 8 na wagonjwa 16,737, na ripoti ya 1986 ikaonyesha utambuzi wa mwanzo umepanda kutoka asilimia 45.6 hadi 65.3, na vidole tumbo vilivyokuwa vimeshapasuka kufikia upasuaji vimeshuka kutoka asilimia 23.7 hadi 11.5. Kilichofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa kilikuwa ni fomu. Fomu haikumruhusu daktari kuruka swali. Na baada ya siku chache aliletewa majibu: wewe ulisema hivi, tumbo lilipofunguliwa likakutwa hivi.

Mimi nimeipata fomu hiyo bila kompyuta yoyote. Nilipokuwa intani kwenye hospitali moja ya hapa Pwani, sista wa wodi ya watoto alibandika karatasi ukutani juu ya sinki, imeandikwa kwa kalamu ya wino mwekundu: Ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea? Faili lisilo na majibu hayo manne hakulipokea. Alikuwa akilisukuma kwenye meza kwa kidole kimoja, hasemi neno, anaendelea kukunja shuka. Tulimchukia kwa dhati. Usiku mmoja niliandika "homa, malaria" nikamsukumia, naye akanirudishia. Nikaenda kwa mama wa mtoto nimekunja uso, nikamuuliza kama mtoto amepata degedege. Akasema hapana. Sista akiwa palepale, hajainua kichwa, akauliza kwa upole: "Na nyuni je?" Mama akajibu mara moja: "Nyuni ndiyo, mara mbili tangu magharibi, tumeshampeleka kwa mzee." Kwake degedege ulikuwa ugonjwa wa hospitali, na nyuni ni ndege apitaye juu ya nyumba, ana waganga wake. Mtoto yule alikuwa na malaria ya ubongoni.

Nakusimulia hivyo uione kazi yako inakoelekea. Ile karatasi ya ukutani ndiyo programu yako. Inajua kuuliza "degedege, ndiyo au hapana". Neno nyuni halimo. Mashine inakupunguzia kukumbuka, na kwa upande wa kukumbuka usishindane nayo, utashindwa. Inayobaki kwako, na inayozidi kuwa nzito kuliko ilivyokuwa kwetu, ni kuhakikisha kile unachokichapa kimetoka kwa mgonjwa kweli. Ukichapa "hapana" ya uongo, itakupigia hesabu safi kabisa ya mgonjwa ambaye hayupo.

Kuhusu kama zinasaidia: zinasaidia, ila kwa kipimo. Mwaka 2020 yalikusanywa pamoja majaribio 122 ya mifumo ya aina hii, na wastani wake ni kwamba wagonjwa waliopata huduma waliyostahili waliongezeka kwa pointi 5.8 za asilimia. Anayekuahidi zaidi ya hapo anauza. Lakini wastani huficha mengi, na karibu na kwetu kuna mambo ya kujivunia. Eldoret, ambako mfumo wa kumbukumbu wa OpenMRS ulianza kutumika mwaka 2006, Mkenya mwenzetu Martin Were na wenzake waliongeza kitu kidogo kwenye kliniki za virusi vya ukimwi. Kabla mgonjwa hajaingia, kompyuta ilichapisha muhtasari wake, na ndani yake kikumbusho: huyu kipimo chake cha CD4, cha kuhesabu chembe za kinga, kimepitwa na wakati. Karatasi ikabanwa kwenye faili. Daktari hakuhitaji kugusa kompyuta hata mara moja. Kliniki yenye vikumbusho iliagiza kipimo kwa asilimia 53, isiyo navyo 38. Upande wa watoto, utafiti uliotoka 2013, mambo yaliyokuwa yamecheleweshwa yalikamilishwa kwa asilimia 68 pale penye vikumbusho na asilimia 18 pale pasipo. Kumi na nane, mwanangu. Na hao ni madaktari wazuri, kwenye programu iliyopangwa vizuri, wanaowapenda watoto wale. Foleni tu.

Majirani zetu Mbeya na Morogoro wamefanya lililonivutia zaidi. Katika vituo 40 vya afya ya msingi, nusu walipewa programu inayomwongoza mhudumu hatua kwa hatua kwa watoto wa chini ya miaka 15, pamoja na kifaa cha kupima oksijeni kidoleni na vipimo vichache vya damu vya papo hapo. Matokeo yalitoka 2024: kwenye vituo vyenye programu, watoto walioandikiwa antibiotiki walikuwa asilimia 23.2; vituo vingine asilimia 70.1. Watoto wasiopewa hawakuzidiwa. Ukiwahi kusimama mbele ya mama aliyepanda matatu mbili kuja kwako, akitaka "ile dawa ya maji ya rangi", unajua thamani ya kitu kinachokupa ujasiri wa kusema mtoto huyu haihitaji. Mara nyingi tunaandika antibiotiki kwa woga wetu.

Halafu kuna Nairobi, 2025, ambako nadhani hata rangi zako zimetoka huko au kwa jamaa zake. Kliniki 15 za Penda Health, ziara 39,849, akili unde (AI) inasoma unachoandika kwa nyuma na kukuwashia kijani, njano au nyekundu. Makosa ya utambuzi yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13, wakilinganishwa na wenzao waliofanya bila msaada huo. Wenye akili unde hiyo walikuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti, kwa hivyo isome kama unavyosoma sifa za bwana harusi zilizoandikwa na nduguze. Na hali za wagonjwa baadaye hazikutofautiana kwa kiwango cha kuthibitika. Bado, kuna funzo ndani yake la kumpelekea mwenye zahanati yako: kuiweka programu peke yake hakukutosha. Faida ilionekana baada ya matabibu wenzao kupita wakiwaonyesha jinsi ya kuitumia na nyekundu zinazopuuzwa kufuatiliwa. Aliyenunua mashine akaishia hapo amenunua jokofu bila stima.

Sasa turudi kwa yule mama na kile kisanduku chekundu.

Programu ilikataa diklofenaki kwa sababu ya dawa za presha, na hapo ilikuwa na hoja. Mtu anayetumia losartan au enalapril, akaongezewa dawa ya kukojoza kama hydrochlorothiazide, kisha ukampa diklofenaki juu yake, figo zake zimebanwa kwa pande tatu. Akiwa na homa na hanywi maji vizuri, figo huweza kusimama ndani ya siku chache. Lakini hiyo kwangu ilikuwa sababu ya pili. Ya kwanza mashine haikuitaja. Homa siku ya tatu, viungo vyote vinauma, malaria haipo, na tuko Mombasa, mji uliopata milipuko ya dengi 2013, 2017 na 2021, na chikungunya mwishoni mwa 2017 kuingia 2018. Baadhi ya wataalamu wa lugha hata husema neno lenyewe dengue limetoka kwenye Kiswahili chetu, kidinga pepo. Mwenye dengi hapewi diklofenaki wala ibuprofen wala aspirini, kwa hofu ya kuvuja damu. Na hatari ya dengi mara nyingi huja homa inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, mgonjwa anapodhani amepona: tumbo linauma, anatapika, fizi zinatoa damu, anakosa utulivu. Ndiyo maana sikungoja gazeti kukujibu.

Umeona hapo? Mashine ilipatia jibu, sababu kubwa ikaikosa. Ingekuwa mgonjwa hana presha ingekupa kijani. Programu iliyofunzwa kwa wagonjwa wa miji ya mbali huijua homa ya huko. Marekani kwenyewe, mfumo mmoja mashuhuri wa kutabiri sepsisi, yaani maambukizi yanapouvuruga mwili mzima, ulipopimwa Michigan mwaka 2021, ulikosa theluthi mbili ya wagonjwa waliokuwa nayo, na wakati huohuo ukapiga kengele kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa. Kengele nyingi, na moto unaowaka hauonekani.

Nikifika kwenye kengele naomba unistahimili, kwa sababu hapa nina hasira ya miaka. Mapitio ya mwaka 2006 yalikuta madaktari wakipuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo ya dawa. Anayesoma haraka atasema madaktari wakaidi. Kaa ukazisome kengele zenyewe. Inakuonya kwamba amoxicillin na amoxicillin ni dawa moja, kwa sababu umebadilisha dozi. Inakuonya mimba kwa bibi wa miaka 70. Inakuonya kwa sauti ileile, rangi ileile, kuhusu warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikichanganywa na metronidazole, jambo linaloweza kumfanya mtu atoke damu ndani. Sikio la binadamu halina namna ya kutenganisha. Mwadhini akiadhini kila dakika tano, hata anayeswali hatajua wakati wa swala.

Kwa hivyo fanya hivi wiki moja: kila nyekundu inayotokea, iandike kwenye daftari, mstari mmoja, dawa gani na ilikuwa na maana au haina. Mwishoni mwa wiki mpelekee mwenye zahanati. Programu nyingi za aina hii huweza kurekebishwa na aliyeziweka, maonyo ya kipuuzi yakazimwa na yale ya kuua yakabaki peke yake yakiwa mekundu. Hilo ni jambo la saa chache za fundi, na litakusaidia kuliko semina yoyote. Nawe katika daftari lile utaona kitu kingine: dawa zipi unaziandika kwa mazoea. Mimi nilipofanya hivyo nilikuta diklofenaki imo kila ukurasa. Sikufurahi.

Kuna mengine mashine isiyoyajua kwa sababu hakuna aliyeyaandika. Haijui alichonunua duka la dawa la Kongowea jana jioni, vidonge vinne ndani ya karatasi ya gazeti, bila jina. Haijui muarobaini anaokunywa kila asubuhi. Haijui kama Ramadhani imeingia. Mgonjwa wa sukari aliye kwenye glibenclamide ya asubuhi akifunga, sukari inaweza kushuka mchana akaanguka sokoni, na programu itakupa kijani kibichi kama jani la mkunde, kwa kuwa dozi kwa mtu anayekula mchana ni sahihi. Dozi yake inahitaji kupangwa upya kufuata futari na daku, au dawa yenyewe kubadilishwa, na hilo hupangwa wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Mwulize kila mgonjwa wa sukari Shaaban ikiingia. Hakuna kisanduku cha kukukumbusha.

Na muulize mwenye zahanati jambo moja la kitaalamu, usione haya: programu inakokotoa utendaji wa figo kwa fomula ipi? Kwa miaka mingi fomula iliyotumika duniani, ile ya 2009, ilikuwa ikizidisha jibu la mtu mweusi kwa 1.159, eti ana misuli zaidi. Iliondolewa mwaka 2021, na vipimo vilivyofanywa Malawi, Uganda na Afrika Kusini vimeonyesha kuwa kile kizidisho kilikuwa kinatudanganya. Programu ya zamani ikiwa bado inacho, itakuambia figo za mzee wa Mtongwe ni nzima kuliko zilivyo, nawe utampa metformin, ile dawa ya sukari, dozi kamili kwa moyo mweupe. Kosa kama hilo hata nyekundu halitoi.

Hofu yako ya miaka kumi. Ni hofu ya kweli, na sasa ina ushahidi. Huko Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa 2023, madaktari 27 wa picha walipewa picha za matiti pamoja na maoni waliyoambiwa ni ya akili unde. Maoni yalipokuwa sahihi, wasio na uzoefu walipatia kwa karibu asilimia 80. Yalipokuwa ya makosa, walishuka hadi karibu 20. Na wale wakongwe, walioona maelfu ya picha, nao walishuka kutoka 82 hadi 45 hivi. Mwambie hilo mkubwa wako kwa adabu. Kisha Poland, 2025: madaktari wanaochungulia utumbo mpana kwa kamera, kila mmoja ameshafanya zaidi ya mara 2,000, walizoeshwa programu inayozungushia duara vinyama vinavyoweza kuwa saratani. Programu ilipokuwa haipo, vinyama walivyovikuta wenyewe vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 28.4 ya wagonjwa hadi 22.4. Ni utafiti wa kutazama tu yaliyotokea, huenda kuna sababu nyingine zimejificha humo, lakini mimi nauamini kwa kuwa nimewaona vijana wangu. Jicho linalongojea duara huacha kutafuta.

Dawa yake ni moja na ni ya bei rahisi: andika lako kwanza. Kabla programu haijafungua mdomo, kwenye kadi au pembeni mwa daftari, maneno mawili matatu kwa mkono wako. "Dengi? Chiku? Figo?" Ndipo uchape. Mkikubaliana, umetumia sekunde tano. Mkitofautiana, hapo ndipo mahali pa kusimama, foleni au hakuna foleni, kwa sababu mmoja wenu amekosa kitu na humjui nani. Usigeuze dawa ili rangi ibadilike. Igeuze ukiweza kusema kwa sauti sababu yake, hata kama anayekusikia ni nesi peke yake. Na ukiipinga mashine, andika kwenye faili kwa nini. Wakati mwingine utakuwa sahihi. Niliwahi kumpa mgonjwa dawa programu ikipiga nyekundu mara tatu, nikaandika sababu, na ningempa tena leo.

Nguvu hiyo unayo kisheria, na mzigo wake pia. Saini iliyo chini ya faili ni yako, na siku ya kuulizwa hakuna atakayeiita programu mbele ya baraza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Sheria hiyohiyo inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Nalitaja hili kwa sababu nimewaona matabibu, foleni ikizidi, wakiandika jina la mgonjwa, mtaa na ugonjwa wake kwenye programu za maongezi za akili unde za kwenye simu zao. Hiyo acha kabisa. Ukitaka kuuliza, uliza bila jina, bila mtaa, bila chochote kitakachomfanya jirani yake amtambue.

Kwa upande wa eksirei za kifua sitakuchosha: Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2021 kompyuta isome eksirei za kusaka kifua kikuu kwa walio na miaka 15 na zaidi. Zikifika kwenu zipokee, makohozi bado yapelekwe maabara.

Jambo la meza. Nilipokwenda kumwona rafiki yangu kwenye kliniki moja iliyowekewa mfumo, nilikaa kwenye kiti cha mgonjwa nikamngoja. Kompyuta ilikuwa katikati ya meza, kiti changu upande wa pili. Nilichokiona ni mgongo wa kioo na nyaya, na juu yake paji la uso wa daktari. Nikamwelewa mama wa nyuni kwa nini alisema hapana. Kisogeze kioo pembeni, mgonjwa akione nacho, na ukiwa unachapa mwambie unachapa nini. Utashangaa wangapi watakurekebisha: "La daktari, si tumbo, ni hapa chini ya mbavu."

Basi nimfuate nani, umeuliza. Mwenye zahanati mpe daftari la nyekundu. Mkubwa wako muombe akae nawe mchana mmoja na wagonjwa kumi, yeye aandike lake, wewe lako, kisha mfungue programu pamoja. Nadhani atashangaa mara moja au mbili, nawe vilevile. Wale wa Leeds waliletewa jibu la kila tumbo lililofunguliwa, na ndilo jambo ambalo zahanati zetu hazina: mgonjwa akitoka mlangoni hatujui tena habari zake. Anza na mmoja. Yule mama akirudi, angalia chembe za kugandisha damu na kreatinini ya kupima figo, umpime na dengi maabara ikiwa na kipimo, na ukijua alikuwa na nini hasa, niandikie.